Mbio zilizoshindwa kulizunguka Ziwa Victoria: Safari Rally ilivyofifia, ilivyorejea na funzo lake kwa Mwanza

Na Mwandishi Wetu, Mwanza

KWA miaka mingi, dereva aliyetaka kulizunguka Ziwa Victoria kwa gari alilazimika kuzima injini Kigongo au Busisi na kusubiri kivuko. Hali hiyo ilikoma Juni 19, 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alipofungua Daraja la J.P. Magufuli lenye urefu wa kilometa tatu.

Leo msafiri anaweza kutoka Mwanza, akavuka daraja hilo kwenda Sengerema, akapita Geita na Bukoba, akaingia Uganda kwa mpaka wa Mutukula, akaenda Kampala na Jinja, akavuka Busia kwenda Kisumu, kisha akarejea nchini kwa mpaka wa Sirari na kufika tena Mwanza kupitia Bunda na Magu.

Wengi wanaoitumia njia hiyo hawana habari kwamba zaidi ya miaka 70 iliyopita kundi la wapenzi wa magari waishio Nairobi lilitaka kufanya mashindano katika mzunguko huo huo. Wazo hilo liliachwa kwa sababu barabara za kandokando ya ziwa zilikuwa hazipitiki wakati wa mvua.

Badala yake yalizaliwa mashindano mengine, ambayo dunia iliyafahamu baadaye kwa jina la Safari Rally. Yalikua, yakapata heshima ya ubingwa wa dunia, yakapoteza heshima hiyo mwaka 2002, kisha yakaipata tena mwaka 2021.

Makala haya yanaeleza jinsi mashindano hayo yalivyofifia na jinsi yalivyofufuliwa. Yanaangalia pia kama kuna lolote ambalo wakazi wa Mwanza na Kanda ya Ziwa, wenye vijana wengi hodari juu ya magurudumu mawili, wanaweza kujifunza.

Kuzunguka uwanja au kukata nchi

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Kenya ilikuwa na uwanja wa mbio za magari ulioitwa Langa Langa, katika Bonde la Ufa. Madereva walishindana kwa kuzunguka njia moja tena na tena, kama ilivyo desturi ya viwanja vya namna hiyo duniani.

Eric Cecil, aliyekuwa akihusika na mambo ya mbio za magari nchini humo, alimtaka binamu yake, Neil Vincent, ajiunge na mbio hizo. Vincent hakuvutiwa. Aliona kuzunguka kipande kile kile cha ardhi ni jambo la kuchosha, akasema kuwa yeye angeshiriki iwapo watu wangeingia ndani ya magari yao, wakavuka nusu ya Afrika na kurudi, na wa kwanza kufika akawa ndiye mshindi.

Katika mazungumzo yaliyofuata ndipo likatajwa Ziwa Victoria. Lilipoonekana kuwa haliwezekani, ikachorwa njia nyingine iliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika.

Mbio za kwanza zilifanyika kuanzia Mei 27 hadi Juni 1, 1953, zikapewa jina la kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza, sherehe iliyofanyika Juni 2 mwaka huo huo.

Magari yalikuwa ya kawaida, yale yale yaliyouzwa madukani, tena yaligawanywa katika makundi kwa kufuata bei. Mwenye gari la bei nafuu hakulazimika kupambana na mwenye gari la kifahari. Alan Dix, aliyeendesha Volkswagen, ndiye anayehesabiwa mshindi wa mwaka huo wa kwanza. Cecil mwenyewe alishinda mwaka 1956.

Mwaka 1960 mashindano yakabadilishwa jina na kuitwa East African Safari Rally. Jina hilo lilikuwa na maana yake, kwa kuwa mbio hizo zilikuwa mali ya nchi tatu.

Tope lilipokuwa mwamuzi

Kwa miongo kadhaa mbio hizo zilifanyika wakati wa Pasaka, ambao kwa kawaida ni msimu wa masika. Gari lililotoka Nairobi likiwa linang'aa lilifika milima ya Usambara au Mbulu likiwa limefunikwa tope hadi madirishani, iwapo lilifika.

Mwaka 1963 yalianza magari zaidi ya 80, yakamaliza saba tu. Miaka mitano baadaye, mwaka 1968, hali ikajirudia. Yalianza magari zaidi ya 90 na kumaliza saba. Mara zote mbili mshindi alikuwa dereva yule yule, Nick Nowicki, akiendesha gari la aina ile ile, Peugeot 404.

Kati ya ushindi huo miwili wa Nowicki, Tanzania nayo ilipata siku zake za furaha. Bert Shankland, mzaliwa wa Scotland aliyekuwa akiishi nchini, akiwa na msoma ramani wake Chris Rothwell, alishinda mwaka 1966 na kurudia mwaka 1967, naye akitumia Peugeot 404.

Wakenya walikuwa na Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, aliyeshinda mwaka 1965, 1974 na 1976. Uganda ilimtoa Shekhar Mehta, aliyezaliwa Kampala na kuhamia Kenya baada ya Idi Amin kuwafukuza watu wenye asili ya Asia mwaka 1972. Mehta alishinda mara tano: mwaka 1973, kisha minne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982.

Ushindi wake wa kwanza una funzo. Mwaka 1973, Mehta na Harry Källström wa Sweden walimaliza wakiwa na adhabu sawa kabisa za muda. Taji alipewa Mehta, kwa kuwa alikuwa amekwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu yake ya kwanza. Kanuni ilikuwepo kabla ya gari la kwanza kuondoka, hivyo mashindano yakampata bingwa mmoja hata pale saa iliposhindwa kuwatenganisha watu wawili.

Kwa miaka yote hiyo madereva kutoka Ulaya walikuja wakiwa na magari bora na mafundi wengi, wakashindwa. Wa kwanza kutoka ng'ambo kushinda alikuwa Hannu Mikkola wa Finland mwaka 1972, takriban miaka 20 baada ya mashindano kuanza. Wenyeji waliijua njia, walijua mto gani hujaa saa ngapi, na walijua mahali pa kupunguza mwendo kwa ajili ya ng'ombe. Ujuzi huo haukuweza kununuliwa dukani.

Namna mashindano yanavyofifia

Mashindano makubwa hayafi siku moja. Hupoteza kitu kimoja, kisha kingine, hadi watu wanaposhtuka kumebaki jina tu.

Kitu cha kwanza ambacho mbio hizi zilipoteza ni nchi mbili kati ya tatu. Kuanzia mwaka 1974 zilifanyika Kenya peke yake, na neno la Afrika Mashariki likaondolewa katika jina. Miaka mitatu baadaye, 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa. Haukufunguliwa hadi mwaka 1983.

Kwa mtazamaji wa Tanzania, mbio zilizokuwa zikipita mbele ya mlango wake zikawa habari za redioni.

Cha pili ni usawa. Tangu mwaka 1973, mbio hizo zilipoingia katika kalenda ya ubingwa wa dunia, makampuni ya kutengeneza magari yalizidi kutumia fedha nyingi. Kulikuwa na magari yaliyotengenezwa mahususi kwa kazi hiyo, na helikopta zilizoruka mbele ya dereva kumwarifu kama kuna mtu, mnyama au lori njiani. Dereva mwenyeji mwenye gari lake la kawaida hakuwa tena na nafasi. Mkenya wa mwisho kushinda mbio hizo zikiwa katika ubingwa wa dunia alikuwa Ian Duncan, mwaka 1994. Mwaka huo huo Patrick Njiru, naye wa Kenya, alimaliza wa nne.

Cha tatu ni barabara zenyewe. Safari Rally iliendeshwa katika barabara za umma zilizokuwa wazi. Mkulima, mwanafunzi na basi la abiria waliitumia njia hiyo hiyo ambayo dereva wa mbio aliipita kwa mwendo wa kasi. Jambo hilo lilivumilika magari yalipokuwa machache. Watu na magari walipoongezeka, likawa hatari isiyoweza kutetewa.

Mwisho kabisa zikakosekana fedha na mpangilio. Colin McRae wa Scotland alishinda mwaka 2002, ikiwa ni mara yake ya tatu. Baada ya hapo Shirikisho la Kimataifa la Mbio za Magari, FIA, likaziondoa mbio hizo katika kalenda ya dunia.

Miaka 19 ya kulinda moto

Hapa ndipo penye somo ambalo aghalabu husahaulika. Mashindano yaliyorejea mwaka 2021 hayakuokotwa kaburini. Kulikuwa na watu walioyalinda kwa miaka 19.

Baada ya kuondolewa katika ubingwa wa dunia, mbio ziliendelea kila mwaka zikiwa sehemu ya ubingwa wa Afrika. Wakuu wa njia, wapima muda, madaktari na waamuzi hawakupoteza ujuzi wao. Vijana wapya walijifunza kazi kutoka kwa wazee.

Sambamba na hilo, mwaka 2003 zilianzishwa mbio za magari ya kale, East African Safari Classic, ambazo mara kadhaa zilivuka mpaka na kuingia Tanzania kama zamani. Björn Waldegård wa Sweden, aliyekuwa ameshinda Safari yenyewe mwaka 1977, alishinda mbio hizo za magari ya kale mwaka 2007 na tena 2011, akiwa na umri wa miaka 68.

Kwa hiyo Serikali ya Kenya chini ya Rais Uhuru Kenyatta ilipoamua kuomba nafasi upya, haikuanza na karatasi tupu. Mradi maalumu uliundwa chini ya Phineas Kimathi, mbio za majaribio zikafanyika Julai 2019 chini ya macho ya FIA, na nafasi ikapatikana kwa mwaka 2020.

Ugonjwa wa corona ukavuruga mpango huo, mbio za 2020 zikafutwa. Hatimaye, kuanzia Juni 24 hadi 27, 2021, magari ya ubingwa wa dunia yalirejea katika ardhi ya Kenya. Sébastien Ogier wa Ufaransa akashinda, akifuatiwa na Takamoto Katsuta wa Japan. Wakenya watatu, Onkar Rai, Karan Patel na Carl Tundo, walimaliza wa saba, wa nane na wa tisa.

Kilichorudi na kisichorudi

Aliyeziona mbio za miaka ya 1960 na akaziona za mwaka 2021 angeweza kuuliza kama ni mashindano yale yale.

Zamani dereva alipambana na saa katika njia ya maelfu ya kilometa, usiku na mchana. Mwaka 2021 sehemu zilizopimwa muda zilikuwa takriban kilometa 320 tu. Zilizinduliwa Nairobi, lakini makao yake yalikuwa Naivasha, na njia zilipita zaidi katika mashamba na hifadhi binafsi kama Soysambu, Kedong na Oserian, zikiwa zimefungwa kwa ajili ya mbio. Helikopta za kuwaonya madereva juu ya malori hazikuhitajika tena, kwa kuwa malori hayakuruhusiwa kuingia.

Wapo wazee wanaosikitika. Wanasema kuwa Safari bila Usambara, bila Kampala, bila usiku wa tope ni jina lililovishwa nguo ya mtu mwingine. Hoja yao si ya kupuuzwa. Nchi mbili zilizokuwa wenye mashindano sasa ni watazamaji, ingawa Jumuiya ya Afrika Mashariki ilifufuliwa kwa mkataba uliotiwa saini Arusha mwaka 1999.

Lakini ukweli ni kwamba kama waandaaji wangeng'ang'ania kurudisha kila kitu, wasingerudisha chochote. Hakuna serikali ambayo leo ingeruhusu magari ya kasi hiyo kupita katikati ya miji ya Afrika Mashariki yenye watu na pikipiki kila upande. Walichagua kulinda vitu vichache, yaani jina, ugumu wa ardhi na heshima ya taji, na kuvumilia kupoteza vingine.

Mwaka 2024 wakaongeza kimoja walichokuwa wamekiacha. Mbio zilirejeshwa wakati wa Pasaka, mwezi Machi, na tope likapata tena nafasi ya kuamua.

Walivyofanya wa pikipiki

Safari Rally si mashindano pekee yaliyopita njia hiyo. Mfano mwingine unatoka katika mbio za pikipiki za uwanjani, ziitwazo spidiwei, ambazo Watanzania wengi hawajapata kuziona.

Mbio hizo zilianza kupata sura yake nchini Australia katika miaka ya 1920, zikaingia Uingereza mwaka 1928. Hufanyika katika uwanja wa udongo wenye umbo la yai, ambao urefu wake kwa kanuni za kimataifa ni kati ya meta 260 na 425. Pikipiki ina injini ya sentimita za ujazo 500, gia moja, na haina breki kabisa. Mwendeshaji hukata kona kwa kuliacha gurudumu la nyuma liteleze huku mguu wake wa kushoto ukigusa ardhi.

Kila mkondo una waendeshaji wanne na mizunguko minne, na huisha kwa muda wa dakika moja hivi. Wa kwanza hupata pointi tatu, wa pili mbili, wa tatu moja, wa nne hapati kitu.

Uzuri wa utaratibu wa asili wa fainali ya mtu mmoja mmoja uko katika hesabu yake. Washindani walikuwa 16 na mikondo 20. Kila mtu alikimbia mara tano, na katika mara hizo tano alikutana na kila mmoja wa wenzake 15 mara moja tu. Aliyeshinda mikondo yake yote alipata pointi 15. Hakuna aliyeweza kusema kuwa alinyimwa nafasi ya kupambana na bingwa, na mtazamaji aliyeketi jukwaani aliweza kufuatilia hesabu kwa kalamu na karatasi.

Fainali ya kwanza ya dunia ilifanyika katika uwanja wa Wembley, London, mwaka 1936. Siku hiyo Bluey Wilkinson wa Australia alishinda mikondo yake yote mitano, lakini hakupewa taji. Kanuni za wakati huo zilimtaka kila mmoja aje na pointi za ziada kutoka hatua za awali, na zake zilikuwa chache. Lionel Van Praag, naye wa Australia, ndiye aliyetangazwa bingwa baada ya mkondo wa ziada dhidi ya Eric Langton. Wilkinson alisubiri hadi mwaka 1938 kulipata taji lake.

Fainali ya 1939 ilipangwa kufanyika Septemba, Vita Kuu ya Pili ikaizuia. Taji likalala miaka 10.

Katika miaka ya mwisho ya usingizi huo, kuanzia 1946 hadi 1948, Waingereza walifanya mashindano ya badala katika uwanja ule ule wa Wembley. Yalikuwa madogo kwa jina, lakini yaliwapa waendeshaji na watazamaji mazoea. Taji la dunia liliporejea mwaka 1949 na Tommy Price kulitwaa, uwanja ulikuwapo, waamuzi walikuwapo na watu walijua njia ya kwenda. Pointi za ziada zilizomdhulumu Wilkinson zilikuwa zimeondolewa.

Hapa, kama kwa Safari Rally, moto haukuachwa uzimike wakati taji kubwa halipo. Yaliporudi, walioyarudisha walikuwa na ujasiri wa kuacha kilichokuwa kibaya.

Na Mwanza je?

Wakazi wa Mwanza si wageni wa mashindano ya mtu mmoja mmoja. Katika miaka ya 2000 jiji hili lilishuhudia mashindano ya baiskeli yaliyowaleta pamoja waendeshaji wa Mwanza, Shinyanga na mikoa jirani, pamoja na mashindano ya mitumbwi ziwani. Makampuni yalidhamini, watu walijaa, washindi walipongezwa.

Udhaifu wa mashindano ya aina hiyo unafahamika. Yanapotegemea bajeti ya matangazo ya kampuni moja, siku bajeti hiyo inapobadilika hayabaki hata na kabati la kuwekea kombe.

Wakati huo huo, pikipiki zimekuwa sehemu ya maisha ya jiji. Vijana wanaojua kuziongoza kwa ustadi wamejaa kuanzia Buhongwa hadi Igoma, kuanzia Nyegezi hadi Kirumba. Baadhi yao hushindana, lakini hushindana barabarani, mbele ya malori na watoto wa shule, pasipo kofia ngumu, pasipo mwamuzi na pasipo gari la wagonjwa. Mshindi hajulikani, lakini majeruhi anajulikana.

Daraja la Kigongo–Busisi linaweza kumtamanisha mtu kulifufua wazo la kulizunguka ziwa. Kwa msafara wa magari ya kale, au safari ya kitalii ya mwendo wa kawaida, wazo hilo ni zuri na sasa linawezekana. Kwa mbio za kasi halifai. Sababu iliyolizuia zamani, yaani tope, imeondoka, lakini imekuja nyingine kubwa zaidi: lami hiyo inapita katikati ya masoko, shule na vituo vya bodaboda katika nchi tatu. Safari Rally yenyewe imekiri hivyo kwa kuhamia katika njia zilizofungwa.

Maana yake ni kwamba yule binamu aliyechoshwa na kuzunguka kipande kimoja cha ardhi alikuwa sahihi kwa zama zake, lakini zama zimegeuka. Kwa jiji la leo, kipande kimoja cha ardhi kilichozungushiwa uzio ndicho kinachoweza kumpa kijana mashindano bila kumpa jirani yake msiba.

Si lazima kiwe uwanja wa spidiwei kwa kanuni zote za kimataifa, wala si lazima pikipiki zikose breki. Kinachoweza kuazimwa ni utaratibu: uwanja mdogo wa udongo, watu wanne kwa mkondo, kila mmoja akutane na kila mwenzake, pointi zihesabiwe hadharani.

Kutoka Safari ya mwanzo inaweza kuazimwa kanuni ya makundi kwa bei. Iwapo pikipiki zote zitakuwa za aina ya kawaida inayotumika kubeba abiria, zenye injini ya ukubwa mmoja na zilizokaguliwa kabla ya kuanza, mtoto wa mvuvi wa Igombe atasimama mstari mmoja na mtoto wa mfanyabiashara, na tofauti yao itakuwa mikono tu.

Kinachotakiwa kabla ya kombe

Historia ya mashindano haya mawili inaonyesha kuwa kombe ndicho kitu cha mwisho kununuliwa.

Kwanza ni ardhi. Eneo la kudumu, hata kama ni dogo, lina thamani kuliko uwanja mkubwa unaokodishwa siku moja. Nchini Kenya waendesha pikipiki wa motokrosi wana eneo lao Jamhuri Park, Nairobi, na Uganda wana Busiika, wilayani Luweero. Haya ni maeneo ambayo mtoto anaweza kuanza akiwa mdogo na kukua nayo.

Pili ni usalama. Uzio, vizuizi laini katika kona, maji ya kunyunyizia vumbi, kofia ngumu, mganga na gari la wagonjwa si mapambo ya mashindano. Bila hivyo hakuna tofauti kati ya uwanjani na barabarani.

Tatu ni kanuni zilizoandikwa mapema. Mehta na Källström waliachana kwa amani mwaka 1973 kwa sababu karatasi ilikuwa imekwisha kusema. Wilkinson mwaka 1936 alikosa taji kwa sababu karatasi ilisema vibaya. Ni bora kuisoma mara kumi kabla ya siku ya kwanza.

Nne ni kalenda. Mashindano yanayofanyika kila mwaka katika tarehe inayojulikana, hata yakiwa na watazamaji 200, yana uhai kuliko yanayofanyika kwa kishindo mara moja na kusahauliwa. Mdhamini mkubwa huvutwa na jambo ambalo tayari linatembea.

Tano ni watu wa nyuma ya pazia. Wapima muda, waamuzi na mafundi wanaofanya kazi hiyo mwaka hadi mwaka ndio walioiwezesha Kenya kurudi baada ya miaka 19. Dereva bora huweza kupatikana kwa bahati, lakini mwamuzi bora hulelewa.

Mwaka 1953 ziwa hili lilikosa mashindano yake kwa sababu hapakuwa na barabara. Leo barabara zipo, daraja lipo, pikipiki zipo na vijana wapo. Kinachokosekana hakihitaji kilometa tatu za zege. Kinahitaji meta 300 za udongo uliosawazishwa, uzio imara na watu wachache walio tayari kufungua daftari la pointi kila mwaka, mvua inyeshe au isinyeshe.